Kapsuli za mwani kutoka China kwa mgonjwa wa kusahau: kuna anayezijua?

BintiJambiani

Asalaam alaykum jamani. Nauliza kwa mwenye ujuzi wa dawa, au yeyote aliyewahi kuishi China.

Mama yangu ana miaka 68. Amelima mwani Jambiani tangu zao hili lilipoanza kushika huku pwani ya mashariki, mwishoni mwa miaka ya 80. Ni mtu wa kujua bamvua inaanza lini bila kutazama kalenda. Mwaka jana akaanza kuuliza jambo moja tena na tena. Tukasema uzee. Ikaja chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja, tukacheka naye. Ramadhani akafunga tende kwenye kitambaa akazitia kabatini katikati ya kanga, kisha akatulaumu nyumba nzima kwamba tumezila. Hapo hatukucheka.

Lililonitoa usingizi ni kwamba alishika kamba zake akateremka pwani maji yakiwa yanajaa. Si yanakupwa, yanajaa! Wenzake wakamrudisha, naye akawa mkali, anasema wao ndio hawajui maji.

Tulimpeleka kwa daktari. Alizungumza naye kidogo sana, akatuambia inaelekea ni Alzaima inaanza, akaandika vitamini, tukatoka. Hakuna kipimo kilichochukuliwa zaidi ya presha.

Sasa kaka yangu yuko Maskati na moyo unamuuma kwa kuwa mbali. Ametumiwa tangazo kwenye WhatsApp la kapsuli za China zilizotengenezwa kwa mwani. Wanasema zinatengeneza utumbo kwanza, na utumbo ukitengemaa ubongo nao unarudi. Muuzaji yuko Dar. Kwa wasiomudu kapsuli anauza unga, ameuandika "mwani wa Zanzibar, dawa ile ile, bei ya kizalendo". Kaka yuko tayari kutuma pesa mwisho wa mwezi, na si pesa kidogo.

Mama mwenyewe aliposikia neno mwani alicheka. "Mwani nimeushika maisha yangu yote. Ungekuwa unatia akili, mie leo si ningekuwa jaji?"

Naomba kujua, dawa hii ipo kweli au ni utapeli? Na kama ipo, mwani wetu nao si ndio huo huo?

Tiba_Asili_Pwani

Dada usihangaike na Wachina. Mwani una madini 92 ambayo mwili unayahitaji, hii inajulikana dunia nzima. Chukua mwani wa kotonii uliokauka, loweka usiku, chemsha, saga na asali na tangawizi. Vijiko viwili asubuhi kabla ya chai. Wazungu wananunua kwetu kwa bei ya kutupa halafu wanatuuzia kwenye vichupa. Akili ku mkichwa.

Mfamasia_wa_Tanga

Dada wa Jambiani, pole sana na mama. Jibu langu fupi: dawa ipo, au niseme ilikuwepo. Mwani wenu si huo. Na kaka asitume hata senti kabla hujamaliza kusoma.

Nimesoma ufamasia Qingdao, na dawa hii chimbuko lake ni huko huko, Chuo Kikuu cha Bahari cha China, wakishirikiana na taasisi ya utafiti wa dawa ya Shanghai. Aliyeibeba miaka yote ni mtafiti Geng Meiyu. Kampuni iliyoitengeneza inaitwa Green Valley, ya Shanghai. Jina la maabara ni GV-971, la kitaalamu ni oligomaneti ya sodiamu, na kwenye boksi iliuzwa kwa jina la Jiuqiyi.

Kwanza tumalize habari ya mwani, kwa sababu hapo ndipo muuzaji wenu anapopigia hela.

Mwani wa Qingdao ni wa kahawia. Jani lake ni refu kuliko mtu, zito, linateleza. Sokoni wanaukata vipande vyembamba kama mkanda, wanaula na kitunguu thomu na siki, na mimi nilikuwa naupenda hasa. Ukuta wa seli za mwani huu una aljineti, mnyororo mrefu wa sukari za aina mbili, mojawapo ni manuroniki. Wataalamu waliukata mnyororo huo kiwandani mpaka vikabaki vipande vya sukari mbili hadi kumi, wakavisafisha, wakavitia kwenye kapsuli. Hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Spinosamu na kotonii mnazolima nyinyi ni za ukoo wa mwani mwekundu, hata kama machoni kamba moja ni ya kijani na nyingine ya hudhurungi. Sukari yake ni karajinani, ile inayoshikisha aiskrimu na dawa ya meno isimwagike. Haina manuroniki. Kuchemsha mwani wa Jambiani ukitarajia GV-971 ni kukamua nazi ukitarajia maziwa ya ng'ombe.

Ndugu yangu Tiba_Asili, hayo madini 92 nimeyasikia sana kwenye matangazo. Mwili wa binadamu hauhitaji madini 92, hauhitaji hata nusu ya hayo. Anayoyahitaji mtu ni kama 20 hivi. Na lipo moja kwenye mwani ambalo ndilo linanitia wasiwasi kwa mama mtu mzima: ayodini. Ikizidi inaweza kuvuruga tezi ya shingo, na tezi ikivurugika mtu anasahau, anakuwa mzito, anachoka. Yaani umpe dawa ya kusahau ikamzidishia kusahau. Kama mama anatumia dawa yoyote ya tezi, huo unga usiingie nyumbani kabisa.

Sasa habari ya utumbo. Hapa sitaki kuidharau, maana wazo lenyewe si la kihuni. Mwaka 2019 kundi la Geng lilichapisha utafiti wa panya waliopandikizwa jeni za Alzaima. Waliona kwamba ugonjwa ukiendelea, bakteria wa utumboni wanabadilika, na asidi amino mbili, fenilalanini na isolusini, zinaongezeka. Hizo zinawachochea askari wa kinga wa aina fulani wazaliane, wapenye mpaka kwenye ubongo, wakaamshe mchochota, ule uvimbe wa moto, kwenye ubongo wenyewe. Panya waliopewa GV-971, bakteria walirudi karibu na hali ya mwanzo na moto ule ukapungua. Kwa hiyo tangazo la kaka yako halikutunga kisa chote, limechukua maneno ya maabara likayavalisha kanzu ya harusi.

Baadaye maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago ilijaribu kwa panya wake. Ikaona utando wa amiloidi, protini inayojirundika ubongoni kwenye Alzaima, unapungua kweli, lakini kwa panya madume. Majike hawakupata kitu. Nakuachia wewe na mama yako mlitafakari hilo.

Kwa binadamu, jaribio kubwa lilifanyika China kwenye hospitali 34, watu 818 wenye ugonjwa wa kiwango cha chini hadi cha kati. Nusu walipewa dawa, nusu kapsuli tupu, kwa wiki 36. Kipimo kilichotumika ni cha maswali na kazi ndogo ndogo za kumbukumbu, na jumla yake inapita alama 70. Waliokunywa dawa waliwazidi wenzao kwa alama 2.54. Kitakwimu ni ushindi. Kwenye maisha ya nyumbani, alama mbili na nusu ni kitu ambacho wewe unayempikia mama unaweza usikione. Walipotumia kipimo kingine, ambacho daktari anaangalia hali nzima ya mgonjwa na kumsikiliza anayemhudumia, tofauti haikutosha kuhesabika. Kuna jingine lililowasumbua wataalamu wengi: wale wa kapsuli tupu walikwenda vizuri muda mrefu, kisha wakaporomoka wiki za mwisho, na sehemu kubwa ya pengo ikatoka kwenye mporomoko huo, si kwa waliokunywa dawa kuinuka.

Na hizo alama 2.54 zinakaribiana sana na zile zilizopatikana kwenye majaribio ya donepezili, kidonge cha zamani cha Alzaima ambacho siku hizi kinatengenezwa na viwanda vingi kwa bei ya kawaida.

Mamlaka ya dawa ya China iliipa GV-971 kibali tarehe 2 Novemba 2019, lakini kibali cha masharti: uzeni, huku mkileta ushahidi zaidi. Dunia ikapiga makofi, maana tangu memantini ya mwaka 2003 hakukuwa na dawa mpya ya ugonjwa huu popote. Kampuni ikaanzisha jaribio la kimataifa la watu zaidi ya 2,000. Mwaka 2022 wakalisimamisha kabla halijaisha, wakitaja Uviko na ukata wa fedha. Kibali cha masharti kikafika mwisho Novemba 2024, hakikuongezwa, na 2025 uzalishaji ukasimama.

Kwa hiyo muuzaji wa Dar anauza nini? Ama mabaki ya boksi za zamani ambazo hujui zimekaa stoo gani na joto gani, ama kapsuli alizojazia mwenyewe. Boksi halisi lilikuwa na kapsuli 42 za miligramu 150. Dozi ni tatu asubuhi tatu jioni, kwa hiyo boksi linaisha kwa wiki moja. Bei ya mwanzo ilikuwa yuani 895 kwa boksi. Lilipoingia kwenye bima ya taifa ya China mwanzoni mwa 2022 ikashuka hadi yuani 296. Hata kwa hiyo ya chini, mwezi ilikuwa kama laki nne za Tanzania, kila mwezi, bila mwisho. Mwambie kaka amuulize muuzaji namba ya usajili wa dawa, kisha muiulizie kwa mamlaka ya dawa, ZFDA kama mko Unguja au TMDA kama ni bara. Akianza kukwepa, umepata jibu.

Lililonikera mimi kwenye maelezo yako wala si kapsuli. Ni kwamba mama ameitwa mgonjwa wa Alzaima bila kupimwa kitu. Nitarudi jioni nieleze vipimo, sasa hivi nina foleni dirishani.

BintiJambiani

Shukran sana. Nimemtumia kaka maneno yako yote, amesoma, yuko kimya. Huyo nikimwona kimya najua anafikiri.

Hapo kwenye vipimo nasubiri. Jingine, mama halali vizuri na anawashwa ngozi, kwa hiyo kila usiku anakunywa piriton. Ni muda sasa. Sidhani kama inahusiana ila umesema dawa yoyote.

Mama_Mwani_Makunduchi

Binti, mie sijui mambo ya panya na China. Najua mwani na najua watu wanaolima mwani.

Huyo anayeuza unga wa Zanzibar kwa dawa ya kichwa mwambie aje aone sisi tunaoushika kila bamvua. Tungekuwa na vichwa vya dhahabu. Kotonii yenyewe siku hizi maji yamekuwa moto, inaoza kwenye kamba, inakuwa nyeupe inakatika. Tuliobaki nayo wengi ni spinosamu ya bei ya chini. Sabuni ya mwani tunatengeneza, juisi watu wanatengeneza, sikatai. Dawa ya wazee kusahau sijaiona.

Nililokuja kusema ni hili la mama kwenda na maji yanajaa. Msimzuie pwani. Narudia, msimzuie. Kwenye kikundi chetu yupo mwenzetu wa namna hiyo. Watoto wake walimfungia ndani kwa kuogopa, akawa anakaa kitandani anatazama ukuta, hata jina la mjukuu akalipoteza. Tukenda tukawaambia mtoeni. Sasa anakuja nasi. Kufunga mbegu kwenye kamba mikono yake haijasahau, anafunga fundo zuri kunishinda mie, kichwa tu ndicho hakijui leo jumatatu ama ijumaa. Tunampa kazi ya kukaa pwani kavu afunge, na anayekwenda majini ni sisi. Maji yakianza kurudi mmoja wetu anamshika mkono, tunasema twende bibi, chai tayari. Hatumwambii maji yanajaa maana atabisha.

Zungumza na wenzake wa kikundi, usione haya. Huku kwetu watu wakisikia ugonjwa wa kusahau wanasema karogwa au kaingiliwa. Waambie mapema wewe mwenyewe kabla hawajaambiana wao.

Kijana_wa_Hai

Nitoke pwani kidogo niwapeleke mlimani. Mimi ni wa Hai, Kilimanjaro. Baba alipoanza hali hii, hospitalini kwetu walikuwa wanafahamu sana ugonjwa huu kwa sababu Hai imefanyiwa utafiti wa miaka mingi na madaktari wa Tanzania na wa Newcastle, Uingereza. Uchunguzi mmoja wao ulipita vijijini kwa watu wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta 6.4 kwa kila 100 wana demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, na karibu wote hawakuwa wanajulikana hospitali yoyote.

Kipimo walichokitengeneza hakihitaji mtu ajue kusoma. Wanamuuliza daraja ni nini, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, wanamtajia maneno kumi ayakumbuke baada ya muda. Halafu wanapanga njiti nne za kiberiti kwa umbo fulani na yeye apange vile vile. Baba alikuwa fundi seremala. Zile njiti alizitazama muda mrefu, akazisogeza, akazirudisha, akasema hizi ni fupi nipeni mbao. Tulicheka wote pamoja na muuguzi, ila nilielewa hali ilivyo kuliko kwa maelezo yoyote ya daktari.

Kitu kilichomsaidia zaidi ni vikundi vya kuchangamsha akili. Wazee wachache wanakaa pamoja na mtu aliyefundishwa, wanaongea habari za zamani, wanaimba, wanataja vyakula, wanacheza. Wiki saba, mara mbili kwa wiki. Navyo vilifanyiwa utafiti huku Hai, na wazee walipimwa kabla na baada. Baba hakupona, ugonjwa huu hauponi. Lakini alirudi kupiga stori, na mama akapata mtu wa kuongea naye usiku. Ukimpata mtaalamu wa tiba kwa vitendo au muuguzi wa afya ya akili huko kwenu, muulize kuhusu hilo. Halina kapsuli, halitoki China.

Mfamasia_wa_Tanga

Nimerudi. Bi Makunduchi, hapo ulipoandika "twende bibi, chai tayari" nimepanakili, nitawapa ndugu za wagonjwa wangu wanaokuja dirishani wakilia.

Dada, piriton! Umeitaja mwishoni kama kitu kidogo, kumbe kwangu ni jambo la kwanza.

Kumbukumbu za ubongo zinategemea sana kemikali moja inayoitwa asetilikolini. Kwenye Alzaima inapungua. Donepezili kazi yake ni kuifanya isivunjwe haraka. Sasa piriton, klorfeniramini, inaizuia kemikali hiyo hiyo isifanye kazi. Kijana akinywa anasinzia basi. Mzee wa miaka 68 akinywa kila usiku kwa muda mrefu anaweza kuamka na ukungu kichwani, akayumba, akasahau, mkojo ukamkaba. Sisemi ugonjwa wote wa mama ni piriton. Ile habari ya tende na ya maji inanifanya nidhani kuna zaidi. Lakini huwezi kujua kiasi gani ni ugonjwa na kiasi gani ni kidonge mpaka kidonge kiondoke. Nendeni kwa daktari mumwambie aiondoe, na huo muwasho autafutie sababu. Mtu wa kuingia maji ya chumvi na kushika mwani miaka yote ngozi yake haikosi la kusema, na kuna mafuta na dawa nyingine zisizopanda kichwani. Dawa nyingine za kutazama kwenye mfuko wake ni amitriptilini, vidonge vya usingizi, na zile za kuzuia kwenda haja ndogo mara kwa mara.

Vipimo sasa. Muombe daktari: wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Hivyo viwili vya mwisho usione aibu kuvitaja mbele ya mama, vinaweza kuharibu kumbukumbu na vyote vina dawa. Kama mama ana kisukari na anatumia metifomini miaka mingi, B12 ndiyo ya kuisisitiza maana metifomini inaishusha. Kama amewahi kuanguka akapiga kichwa, hata kama ni miezi iliyopita na hata kama alinyanyuka akacheka, sema. Damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu ikamfanya awe hivi hivi, na hiyo inaonekana kwa picha ya CT na inatibika. Mumtazame pia kama ana huzuni, halali, hana hamu ya kitu. Sonona kwa wazee inajificha kwenye usahaulifu.

Masikio na macho pia. Mzee asiyesikia vizuri anajibu ovyo, tunasema amechanganyikiwa. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangepunguza au kuchelewesha karibu nusu ya demensia zote duniani. Kusikia limo, macho yamo, presha, kisukari, lehemu mbaya, upweke. Angalia hiyo orodha halafu angalia bei ya kapsuli.

Kuna waliosikia dawa mpya za Alzaima zilizopitishwa Marekani, lekanemabu na donanemabu. Hizo ni za dripu, zinasafisha amiloidi, na zinapunguza mwendo wa ugonjwa kwa kiasi, si kuurudisha nyuma. Mgonjwa lazima apigwe picha ya ubongo ya MRI mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuvimbisha ubongo au kutoa damu. Kwa mazingira yetu sizitaji hata kwa matumaini.

Na utumbo? Mimi ningempa mama kunde, mchicha, samaki wa pwani, matunda, mafuta yasizidi. Ni chakula kizuri kwa mishipa ya damu, na bakteria wa utumboni wanakipenda. Sitakwambia kinaponya Alzaima, ila hakuna atakayekulaumu kwa kumpikia mama mbaazi za nazi.

Tiba_Asili_Pwani

Mfamasia unakandia dawa za asili kwa sababu unauza za dukani. Hiyo GV si imetoka kwenye mwani? Basi mwani ni dawa. Mnakubali ukishafungwa kwenye boksi tu.

Mfamasia_wa_Tanga

Ndugu, aspirini asili yake ni gome la mti, artemisinini imetoka kwenye majani ya pakanga ya Kichina. Sina ugomvi na shamba wala na bahari. Ninachouliza ni mwani upi, sehemu ipi, kiasi gani, na walikunywa watu wangapi ukaona nini. GV-971 ilijibu maswali hayo, na pamoja na kujibu bado ushahidi wake ulionekana mwembamba mpaka imesimama. Huo unga wenu haujajibu hata la kwanza.

BintiJambiani

Jamani mmenisaidia. Kaka amepiga simu usiku. Kwanza alinigombeza, eti nimemwanika hadharani. Kisha akauliza hiyo CT ni bei gani na wapi. Amemwandikia muuzaji kuomba namba ya usajili, akajibiwa "dawa za asili hazisajiliwi bro", halafu akafungiwa.

Piriton tumeificha. Nasema tumeificha kwa maana mama anaitafuta, leo kanituhumu nimeiuza. Nitakwenda naye kwa daktari mwingine wiki hii, nimeandika vipimo vyote kwenye karatasi. Bi Makunduchi, nimezungumza na mama mwenyekiti wa kikundi chake. Alikuwa anajua siku nyingi. Anasema wenzake walikuwa wanamfungia hesabu zake za kilo muda mrefu ili asipunjwe, wakaona aibu kutuambia.

Swali la mwisho kwa Mfamasia: kama daktari akimwandikia donepezili, niangalie nini? Nasikia inaua moyo.

Mfamasia_wa_Tanga

Haiui moyo, ila inaweza kupunguza mapigo. Kabla hajaanza apimwe mapigo, na ikiwezekana ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hasa kama anatumia dawa za presha zinazopunguza mapigo kama atenololi. Kawaida huanza na miligramu 5 usiku, na baada ya wiki nne hadi sita daktari anaweza kupandisha hadi 10. Siku za mwanzo tarajia kichefuchefu au kuharisha. Mpe baada ya kula. Akianza kuota ndoto kali zinazomwamsha, muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Akizimia, akizunguzwa sana au akiacha kula, simamisheni mrudi hospitali siku hiyo hiyo.

Itazameni miezi mitatu hadi sita. Andika mambo matatu anayoyafanya sasa, mfano anajua kuwasha jiko, anajua njia ya kwa jirani, anavaa mwenyewe, na urudi kuyatazama. Kama hakuna tofauti na inamsumbua, daktari anaweza kuiondoa.

Na hiyo karatasi ya vipimo, ongeza dawa zote anazokunywa pamoja na za mitishamba. Beba na pakiti zenyewe kwenye mfuko, madaktari wanasoma pakiti kuliko wanavyosikiliza.